Kutembea ndani ya mahandaki ya kuchepusha maji: usalama wake, na nani wa kumwomba ruhusa

#1 Mwana wa Mfongo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nimeona mara kadhaa vijana wetu wakirusha picha walizopiga ndani ya mahandaki ya maji na kuulizana ni wapi pengine pa kwenda, na mazungumzo yote yanaishia kwenye buti na kamera. Nimeonelea niandike kwa kirefu kuhusu maswali mawili ambayo huulizwa mwishoni au hayaulizwi kabisa, yaani kama ni salama kupita humo, na kama unaruhusiwa kupita. Kwa uzoefu wangu hayo ni swali moja, kwa sababu anayejua kama handaki ni salama leo ni yule yule anayelifungulia na kulifungia maji.

Nianze na mahali ninapopajua. Kwa miaka minne nilifanya kazi Lisbon, na kila nilipopata likizo ndefu nilikwenda Madeira, kisiwa cha Ureno kilicho katika bahari ya Atlantiki. Upande wa kaskazini wa kisiwa hicho hunyesha sana, ilhali kusini, kwenye mji mkuu wa Funchal na sehemu kubwa ya mashamba, ni pakavu. Tangu karne ya 15, walowezi walipoanza kulima miwa, watu wa huko wamekuwa wakichimba mifereji ya kuvuta maji kutoka kwenye mvua kuyapeleka kwenye ukame, na mfereji wa namna hiyo wanauita levada. Palipokuwa na mlima usiozungukika, walitoboa. Katikati ya karne ya 20 serikali ikajenga mifereji mingine mikubwa zaidi, safari hii si kwa umwagiliaji peke yake bali pia kwa kuzungusha mitambo ya umeme, na mahandaki nayo yakarefuka. Kando ya mfereji kuna njia nyembamba ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya watalii. Ilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayeitwa levadeiro, ambaye kazi yake ni kuzibua majani, kuondoa mawe, na kugawa maji kwa zamu.

Aliyekulia Marangu, Old Moshi au Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, hahitaji maelezo zaidi, kwani huo ni mfongo, mfereji wa asili wa Wachagga. Watu wa Madeira nao wana banio, yaani lango la kuingizia maji mferejini, wana zamu zinazohesabiwa kwa saa, wana mzee wa mfereji, na bila shaka wana ugomvi juu ya mtu aliyejifungulia maji usiku. Tofauti ni kwamba wazee wetu, mfongo ulipofika kwenye korongo, waliuvusha kwa magogo yaliyochongwa katikati, wakapita juu kwa juu. Wenzetu waliingia ndani ya mwamba.

Njia niliyoipita mara nyingi ni ile inayoanzia Queimadas, kwenye nyumba iliyoezekwa kwa nyasi, ikifuata mfereji hadi kwenye maporomoko ya Caldeirão Verde. Ni kilomita kama sita na nusu kwenda, na nyingine kama hizo kurudi, na katikati kuna mahandaki manne. Ukiingia ndani, mwanga wa jua unakatika upesi kuliko unavyotarajia. Mfereji uko ubavuni mwako, maji yanakwenda taratibu bila kelele, na pa kukanyaga si pana kuliko benchi la shule. Dari halijanyooshwa, ni mwamba kama ulivyoachwa na waliouchonga, hivyo unaweza kutembea hatua tano ukiwa wima na ya sita ukagonga paji la uso. Matone yanadondoka shingoni. Mkikutana na kundi linalotoka upande wa pili, mmoja hana budi kutanua miguu juu ya mfereji, mguu huku na mguu kule, ili mwingine ajipenyeze, na hapo ndipo wengi hutumbukia.

Mimi nilijigonga kwenye handaki la pili. Niligeuka kumwambia mwenzangu aangalie dimbwi lililokuwa mbele yangu, nikakutana na ncha ya jiwe juu kidogo ya nyusi, na tochi ya kichwani ikachomoka ikaangukia kwenye mfereji. Haikuzimika. Iliendelea kuwaka chini ya maji, ikisafiri polepole kurudi tulikotoka, ikiangaza kuta kwa rangi ya kijani, mpaka ikapotea kwenye kona. Simu ya mwenzangu ilikuwa na chaji asilimia tisa, na yangu ilikuwa chini kabisa ya begi, nisingeweza kuitafuta bila kulivua mahali ambapo hata kugeuka ni kazi. Tulisimama tumeegemea ukuta, damu inaniingia jichoni, mpaka wazee watatu wa Kijerumani walipofika na kila mmoja akiwa na tochi mbili. Hawakutucheka, ila walituangalia kwa namna ambayo ingekuwa afadhali wangetucheka.

Kuhusu ruhusa, kule utaratibu uko wazi. Njia rasmi zina namba, na taasisi ya misitu na hifadhi ya kisiwa hutangaza ipi iko wazi na ipi imefungwa. Tangu mwaka 2025 wageni wasio wakazi wanalipa ada kwenye njia hizo. Baada ya moto wa Agosti 2024 baadhi ya njia zilifungwa, na niliwasikia watu hotelini wakinung'unika kwamba moto ulishazimika zamani, sasa kinachofungiwa ni nini. Kinachofungiwa ni mawe. Mteremko ulioungua hauna tena mizizi ya kushikilia chochote, na njia ya levada iko chini yake.

Kuna pia mahandaki ambayo hayamo kwenye orodha yoyote. Nililiona moja lenye wavu wa chuma mlangoni, na wavu umepindwa pembeni kiasi cha mtu kupita kwa ubavu. Nilimulika ndani. Hapakuwa na njia ya miguu, maji yalikuwa yameenea kutoka ukuta hadi ukuta ingawa kina chake kilikuwa cha kifundo cha mguu, na kwenye kuta zote mbili kulikuwa na mstari wa mwani uliolingana na kifua changu. Mstari ule ulinitosha. Ulikuwa unasema kwamba maji hufika hapo mara kwa mara vya kutosha kuotesha mwani, na mimi sikuwa najua zamu yake ni saa ngapi.

Naomba kuwasilisha. Wenye ujuzi wa kazi hizi waongezee au wanisahihishe.

#2 Mtembezi wa Thika

Asante kwa uzi huu, ndugu. Sisi wa Nairobi hutembea sana maeneo ya bwawa la Ndakaini, na tangu handaki lile la Murang'a likamilike kuna wanaosema ingekuwa jambo la ajabu kuingia upande mmoja na kutokea bwawani. Ni handaki la kilomita 11.8, linalokusanya maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati na kuyaleta katika bwawa linalotegemewa na jiji zima. Wanaosema hivyo wanadai kwamba wakati wa kiangazi mito imepungua na hivyo ndani patakuwa na maji kidogo tu. Je, dai hilo lina msingi wowote, au ni maneno ya wanaotafuta picha?

#3 Fundi wa Mabanio

Mwana wa Mfongo umeeleza vizuri, na huo mstari wa mwani naomba kila mtu aukariri. Mimi nimefanya kazi ya mabanio na mifereji kwa muda mrefu, baadhi yake kwenye miradi ya umeme, kwa hiyo nimjibu ndugu wa Thika moja kwa moja.

Watu husema "handaki la maji" kana kwamba yote ni ya aina moja, lakini kwa mtu anayetaka kuingia yako matatu. La kwanza lina mfereji na njia ya mhudumu pembeni, kama hayo ya Madeira. La pili limejengwa kwa ajili ya maji peke yake, yanapita chini na juu kunabaki hewa, lakini hakuna mahali pa mtu. La tatu hujaa maji mpaka darini na kwenda kwa shinikizo, kama yale yanayoshuka kwenye mitambo ya umeme, na huko hakuna la kujadili. Handaki la Murang'a si la aina ya kwanza. Uwezo wake uliotangazwa ni lita milioni 140 kwa siku. Ukizigawanya kwa sekunde za siku nzima unapata mita za ujazo 1.6, yaani zaidi ya tani moja na nusu ya maji kila sekunde, yanapita mahali ambapo hakuna pa kushika wala pa kupanda.

Hoja ya kiangazi ni dhaifu kwa sababu inachukulia kwamba mkubwa wa maji ni mvua. Kwenye handaki mkubwa ni lango. Mafundi wakifunga banio ili kusafisha mchanga, handaki linaonekana kama limekauka, na mtu wa nje hana namna ya kutofautisha ukavu wa msimu na ukavu wa saa mbili. Wanapofungua, hawapigi filimbi kilomita tano mbele, kwa sababu hawategemei kwamba kuna mtu. Nimewahi kusimama kwenye banio wakati lango linainuliwa baada ya matengenezo. Maji ya kwanza hayaji kama wimbi la sinema. Huja kama zulia linalokunjuliwa, yakisukuma mbele yake vijiti na povu, na mtu mzima aliyesimama ndani yake hupoteza miguu kabla hayajamfika magotini, kwa kuwa sakafu ina utelezi.

Mvua nayo isisahauliwe, hasa ile inayonyesha mahali usipokuwepo. Wakenya mnaikumbuka Aprili 2012 pale kwenye hifadhi ya Hell's Gate, vijana waliotoka Nairobi na kikundi cha kanisa walivyosombwa korongoni, na Septemba 2019 yakatokea tena mahali pale pale. Lile ni korongo lenye anga juu yake na kuta ambazo baadhi ya watu waliweza kuzipanda. Handaki halina hata hivyo.

Jambo la tatu ni hewa, na hili halionekani kwenye picha. Handaki fupi lenye midomo miwili wazi hupitisha upepo, na ukiusikia usoni ni dalili njema. Handaki refu, au lenye mdomo mmoja uliozibwa na maji au kifusi, linaweza kuwa na oksijeni pungufu, na hewa ukaa, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama sehemu za chini. Kuna wanaoamini kwamba kiberiti kinatosha kupima. Hakitoshi, kwa sababu hewa ukaa inaweza kukulewesha moto ukiwa bado unawaka, na mahali penye gesi inayoungua, kiberiti chenyewe ndicho ajali. Sisi huingia na kifaa cha kupimia hewa, kamba, na mtu wa kubaki nje ambaye haruhusiwi kuingia hata akisikia tunapiga kelele. Kazi yake ni kuita msaada.

Kwa wale wa Tanzania watakaouliza kuhusu Rufiji: handaki la kuchepusha maji kwenye ujenzi wa bwawa ni la muda. Lile la Bwawa la Julius Nyerere lilianza kupitisha mto Novemba 2020 ili tuta lijengwe pakavu, na Desemba 2022 njia hiyo ya maji ilipofungwa ndipo bwawa likaanza kujaa. Hakuna utalii wa miguu hapo.

#4 Binti wa Mteremko

Naheshimu yaliyosemwa na kaka zangu, lakini naomba nipinge kidogo. Kwetu kila kitu chenye maji, chenye kilima au chenye ukuta wa serikali huwekewa kibao cha marufuku, na ukifika mlinzi anakuambia ruhusa ipo mjini, na ukienda mjini unaambiwa ruhusa ipo kwa mlinzi. Mwisho wa siku anayepita ni mwenye chochote mfukoni. Miundombinu hii imejengwa kwa fedha za wananchi. Wenzetu wa Madeira wameigeuza mifereji ya wakulima kuwa kivutio kinacholeta wageni mwaka mzima, tena wanatoza ada. Kwa nini sisi jibu letu liwe kufuli tu? Pia kufuli halimzuii kijana. Linamfanya apite usiku, peke yake, bila kumwambia mtu, na hilo ndilo linaloua.

#5 Mwana wa Mfongo

Dada, hoja yako ya mwisho nakubaliana nayo kabisa, na ule wavu uliopindwa ni ushahidi wake. Aliyeupinda hakuaga mahali popote. Wenye handaki wakiandika kwenye kibao kwamba maji hufunguliwa bila taarifa, na kwamba ndani hakuna pa kupisha, watawazuia wengi zaidi kuliko neno "marufuku" lisilo na sababu. Mtu mzima akielezwa sababu huondoka. Asipoelezwa hudhani anafichwa kitu.

Ila kuhusu Madeira, tusichukue nusu ya habari. Njia zile ziko wazi kwa sababu zilikuwa njia za kazi tangu mwanzo, na mtu alikuwa anapita humo na jembe lake kila wiki. Hawakufungua handaki la shinikizo wakaliita kivutio. Hata hizo zilizo wazi zimegharimiwa: kuna nyaya za kushikilia kwenye magenge, kuna watu wa kukagua mawe baada ya kila mvua kubwa, na kuna ujasiri wa kufunga njia maarufu msimu wa wageni umepamba moto. Sisi tukitaka ya kwetu tuanze na hayo. Isitoshe, levada nyingi zinamwagilia migomba na mizabibu, ilhali handaki la Murang'a linapeleka maji ya kunywa ya mamilioni ya watu. Hata kama ningehakikishiwa usalama wangu, nisingependa buti zangu zipite kwenye sufuria ya mtu wa Kayole, Nairobi.

Kitu tunachoweza kukifungua kesho asubuhi ni mifongo. Iko juu ya ardhi, maji yake hayana hasira, na ukitembea kandokando yake kutoka banioni hadi kwenye migomba unaelewa jinsi mlima ulivyogawanywa. Lakini hata huko usijipeleke. Njia ya mfongo ni ya wale wanaoufukua, na mzee wake yupo; mfuateni, mwambieni mnapita lini na mko wangapi. Mara nyingi atawapa kijana wa kuwaongoza, na huyo kijana mlipeni.

#6 Mswahili wa Muscat

Nimesoma nikacheka kidogo, maana huku Omani tuna jambo hilo hilo kwa jina lingine. Falaji za aina ya daudi huanzia kwenye kisima mama chini ya mlima, na maji husafiri ndani ya handaki refu la chini ya ardhi kabla ya kuchomoza kijijini. Falaji tano, ikiwemo Daris ya Nizwa, ziliingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Wageni hutembea kando ya mifereji ya juu, na hilo halina tatizo, ila sehemu ya chini ya ardhi si ya kuingia. Kila baada ya masafa kuna shimo la wima lililoachwa na wachimbaji kwa ajili ya hewa na kutolea mchanga, na mengine hayana ukingo wa kueleweka, kwa hiyo hatari haiko ndani tu, iko juu pia kwa anayetembea akiangalia simu. Kila falaji ina wakili wake, yaani msimamizi wa maji, na zamu ni za kurithi. Ukimuuliza wakili kwa adabu atakuonyesha hata saa ya kivuli iliyokuwa ikigawa maji zamani. Ukiingia bila kumuuliza, kijiji kizima kitajua kabla hujatoka, kwa sababu maji yatawafikia yakiwa na matope.

#7 Baba Watatu

Wakuu, naomba ushauri wa vitendo. Mwakani, Mungu akipenda, tutakwenda Madeira na mke wangu na watoto wawili wakubwa, wa miaka 13 na 16. Mke wangu haogopi giza ila anaogopa mahali pa kubana. Lifti ikikwama dakika mbili huanza kutoka jasho. Tuache kabisa, au kuna namna?

#8 Mwana wa Mfongo

Baba Watatu, hongera kwa kuuliza kabla ya tiketi. Namna ipo, ila msianze na njia yenye mahandaki marefu. Iko moja upande wa São Vicente, Fajã do Rodrigues, ambayo watu huisifu kwa urahisi wake kwa sababu haina milima ya kupanda, lakini ina handaki la karibu kilomita nzima, na ukiwa katikati huoni mwanga wa mbele wala wa nyuma. Kwa shemeji hiyo hapana. Ipo njia ya 25 Fontes ambayo unaweza kuitembea kutokea Rabaçal bila kupita handaki lolote, ukayaona maji na msitu, mkarudi mmefurahi.

Mkitaka kumjaribu kidogo, nendeni ile ya Queimadas, kwa sababu handaki la kwanza linakuja baada ya mwendo wa kutosha, na mpaka mkilifikia mtakuwa mmeshaona mengi ya kuwaridhisha hata mkigeuza. Kubalianeni kabla ya kuondoka kwamba shemeji akisema turudi, mnarudi, na hakuna wa kumbembeleza. Atangulie yeye, tochi yake iangaze mbele, wewe uwe wa mwisho. Anayetangulia huona mlango wa kutokea kwanza, na anayefuata huona mgongo wa mtu tu. Tochi za kichwani ziwe nne, na ya tano iwe mfukoni, si kwenye begi. Watoto wavae kofia nene hata kama ni joto. Siku moja kabla, angalieni tangazo la njia, na kama kaskazini kunanyesha siku hiyo badilisheni ratiba, mwende kuona soko la Funchal.

Mkimkuta mzee mwenye buti za mpira na reki begani anatoa majani mferejini, mpisheni yeye. Ndiye mwenye njia.

#9 Baba Watatu

Nimekuelewa, mkuu. Mke wangu amesoma, anasema ametoka jasho kwenye aya ya tochi chini ya maji, lakini atangulie yeye.